Laptopu mpya, mwendo wa kinyonga: tuipime kabla ya kuitibu

SEHEMU YA 1: Nesi na kompyuta wapi na wapi?

Mama zangu, dada zangu, na akina baba mnaosoma kimya kimya kwenye simu za wake zenu. Nawajua, karibuni.

Tumekuwa kwenye chanjo na homa za watoto kwa muda sasa. Leo tutoke kidogo nje ya kliniki. Lakini usiondoke, maana ninachokuja kusema kina hela ya familia ndani yake, na wakati mwingine kina mwaka mzima wa masomo wa mtoto.

Huku kwetu, Masasi, Newala na Tandahimba, msimu wa korosho ukifunguka kuanzia Oktoba hivi, minada ikaanza na malipo yakaanza kuingia kupitia AMCOS, kuna vitu vinanunuliwa. Mabati. Godoro. Pikipiki. Ada. Na miaka hii imeongezeka laptopu. Mtoto kapata chuo, anatakiwa kuomba mkopo Bodi ya Mikopo kwa mtandao, kuandika ripoti, kupokea kazi za mwalimu. Simu inasaidia, ila kuna mahali simu inafika mwisho.

Sasa laptopu inakuja, mpya kabisa, na plastiki yake bado. Inawashwa. Inachukua muda mpaka chai inapoa. Ukibonyeza kitu, inakutazama tu. Kisha mtu anaangalia skrini anasema, "Aah, hii si Windows, hii ni Linux. Ndiyo maana." Basi hukumu imeshapita. Linux imefungwa maisha, na hakuna aliyeipima.

Nimeona familia tatu zikipitia hili kwa mwaka mmoja. Mmoja aliuza kwa nusu ya bei. Ndiyo maana naandika.

Na nesi anajua nini kuhusu kompyuta? Anajua hivi: akija mama na mtoto anayelia, sisi hatuanzi na sindano. Tunaanza na maswali. Halafu vipimo. Halafu ndiyo dawa. Kompyuta inayokwenda polepole ni hivyo hivyo. "Polepole" ni dalili, kama homa. Homa inaweza kuwa malaria, inaweza kuwa sikio, inaweza kuwa mtoto kafunikwa mablanketi matatu saa nane mchana. Ukitoa dawa ya malaria kwa mtoto aliyefunikwa mablanketi, umepoteza dawa na joto liko palepale.

SEHEMU YA 2: Hii Linux ni nini, na kwa nini imeingia nyumbani kwako

Tumalize kwanza hili la jina, maana ndilo linalotisha watu.

Kila kompyuta ina mfumo endeshi, yaani ile programu kuu inayosimamia nyingine zote. Windows ni mmoja, ni wa kampuni ya Microsoft, na leseni yake ni ya kulipia. Linux ni mwingine. Ulianzishwa mwaka 1991 na kijana wa Kifini, Linus Torvalds, akiwa mwanafunzi Helsinki. Wenyewe ni programu huria: yeyote anaruhusiwa kuutumia, kuufungua aone ulivyoundwa, kuurekebisha na kumpa mwenzake. Leseni yake huilipii. Kwa hiyo laptopu ikiuzwa na Linux badala ya Windows, mara nyingi bei inashuka, na mjomba aliyetumwa Kariakoo na bajeti yake kamili anaichukua.

Aina ya Linux utakayokutana nayo zaidi inaitwa Ubuntu. Ilitoka kwa mara ya kwanza Oktoba 2004, na aliyeianzisha ni Mark Shuttleworth, mtu wa Afrika Kusini. Jina lenyewe wala sihitaji kukutafsiria. Ubuntu ni utu.

Na usidhani ni kitu kigeni kwako. Kama simu yako ni Android, kiini chake ni Linux. Unaitumia kila siku kutuma picha za mtoto kwa bibi yake. Na zile takwimu tunazojaza kwenye vitabu vya MTUHA pale zahanati, mtoto wako kapata chanjo gani, kina mama wangapi wamejifungulia kituoni, zinakwenda kuingizwa kwenye mfumo unaoitwa DHIS2. Huo nao ni programu huria, unaratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo kule Norway, na nchi nyingi zinautumia kwa taarifa za afya, Tanzania ikiwemo. Hapa kwetu pia, mwaka 2004, mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu ya kuandikia ya Kiswahili, ikaitwa Jambo OpenOffice. Programu huria tuna historia nayo.

Kwa hiyo Linux peke yake si ugonjwa. Kwenye mashine ndogo mara nyingi ndiyo nyepesi. Laptopu mpya yenye Linux ikienda polepole, kuna sababu, na sababu hiyo inatafutika.

SEHEMU YA 3: Maswali kwanza

Hapa ndipo ninapotaka mama unisikilize vizuri. Hata kama hujawahi kushika kompyuta.

Pale kliniki kipimo cha kwanza ni wewe. Wewe ndiye unayejua mtoto alianza kukohoa lini, ananyonya au hanyonyi, usiku inazidi au inapungua. Mashine zetu zote hazijui hayo. Vivyo hivyo na laptopu iliyoko sebuleni kwako. Unaiona kila siku, fundi anaiona dakika kumi.

Jiulize, na uandike kwenye karatasi:

1. Imeanza lini? Tangu siku ya kwanza, au ilikuwa nzuri ikabadilika?
2. Ni nzito muda wote, au kuna wakati? Ikiwashwa tu? Baada ya nusu saa? Ikipata joto? Ikiwa kwenye umeme, au ikiwa kwenye betri?
3. Ni kila kitu, au ni intaneti tu? Ukifungua picha iliyomo ndani ya mashine inakuja haraka? Kama ndiyo, mgonjwa ni bando au mtandao, siyo laptopu.
4. Kuna kitu kilibadilishwa? Chaja, soketi, programu?
5. Ikiwashwa, kuna maneno yanapita kwenye skrini kabla haijafunguka? Piga picha kwa simu. Hata kama ni Kiingereza hukielewi, piga.

Swali la 2 na la 5 ndiyo yaliyookoa familia moja ya Newala. Nimepata ruhusa yao kusimulia, majina tunayaacha.

Binti alikuwa amepata chuo cha ualimu. Baba aliuza korosho, mjomba wake, kaka wa mama, akaongezea, maana huku kwetu mjomba ndiye mtu wa shughuli kama hizo, akanunua laptopu Dar na kuituma kwa basi. Ilifika salama, ila chaja ilisahaulika. Mama akaenda mjini, akanunua chaja nyingine. Ikaingia kwenye tundu vizuri, taa ikawaka. Basi.

Tangu siku hiyo mashine ni mzigo. Herufi unaandika sasa, inatokea baadaye. Fomu ya mkopo inafunguka nusu inaganda. Na dirisha la kuomba lilikuwa linakaribia kufungwa. Fundi mmoja akasema wazi: Linux haifai, leteni hela nifute kila kitu niweke Windows. Baba naye kachoka, akatoa kauli: "Irudi ilikotoka. Binti atasubiri msimu ujao."

Msimu ujao, mama zangu. Mwaka mzima. Na mnajua binti wa miaka kumi na tisa akikaa nyumbani mwaka mzima mambo mangapi yanaweza kuingilia hapo katikati. Mimi nafanya kazi leba, nayaona.

Tulikuwa kwenye huduma ya mkoba kijijini kwao, tunapima watoto uzito. Mama huyo alikuwa na mjukuu mgongoni. Wakati namwandikia kadi ananieleza, na kama utani akasema:

"Yaani sista, hiyo mashine ina vituko. Umeme ukikatika ndiyo inakimbia."

"Ukikatika?"

"Ndiyo. Umeme ukirudi, inalala tena. Nimewaambia baba yake na fundi, wakanicheka. Wakasema mama, kompyuta inataka umeme, itakimbiaje bila umeme?"

Mimi sikucheka. Hiyo ni taarifa nzito kuliko zote walizokuwa nazo. Mama kaona kitu kilekile mara nyingi, kaona kinapoanza na kinapoisha. Pale kwetu hiyo tunaiita historia ya mgonjwa.

SEHEMU YA 4: Vipimo, na jinsi ya kuvisoma

Nilipomaliza kazi nilipita kwao, na mdogo wangu anayefundisha kompyuta Mtwara akawa hewani kwenye simu. Nawapa hapa hatua zenyewe kwa mpangilio ili nawe uzifanye, kisha nitasema tulichokuta.

Kwenye Ubuntu kuna programu inaitwa System Monitor. Itafute kwa jina hilo, maana menyu nyingi bado ni za Kiingereza. Ikifunguka, angalia vitu vitatu: prosesa, memori na diski.

PROSESA ni mpishi. Ikiwa asilimia 100 muda wote, kuna programu inamtumikisha. Angalia orodha ni ipi. Kama ni mashine ya siku ya kwanza, mara nyingi ni masasisho yanashuka na kujipachika yenyewe, au mfumo unaorodhesha mafaili yako ili baadaye uyapate haraka. Hapo usifanye kitu. Iache kwenye umeme na intaneti, saa moja au mbili, ukapike. Mtoto mchanga siku za mwanzo hupungua uzito, hata kufika asilimia 7 hadi 10, na wengi huurudisha ndani ya wiki mbili hivi. Mama anayejua hilo anaendelea kunyonyesha na kuja kupima. Asiyejua anakimbilia maziwa ya kopo. Laptopu nayo ina siku zake za mwanzo.

MEMORI, wengine wanaiita ramu, ni meza ya jikoni. Diski ni stoo. Mpishi anafanyia kazi mezani. Meza ikiwa ndogo na vyombo vingi, anaanza kupeleka vingine stoo na kuvifuata tena, anakwenda anarudi, anakwenda anarudi. Kazi haiendi. Toleo la Ubuntu 24.04 linataka memori isiyopungua gigabaiti 4, na hizo 4 ni za kuanzia tu. Ukifungua kurasa kumi na tano za intaneti na video ya katuni ya mtoto juu yake, meza imejaa. Dawa yake ni kufunga kurasa usizozitumia. Ya pili, muulize fundi kama mashine yako inakubali kuongezewa memori. Ya tatu, weka ndugu zake Ubuntu walio wepesi zaidi, Xubuntu au Lubuntu, nazo ni huria vilevile.

DISKI. Zipo za kuzunguka, za zamani, na zipo SSD zisizo na kitu kinachozunguka, ambazo ni za haraka zaidi. Kujua yako ni ipi, fungua programu inayoitwa Terminal, ile nyeusi ya kuandika maneno, uandike hivi na ubonyeze Enter:

lsblk -d -o NAME,ROTA

Ukiona 0 mbele ya jina la diski ni SSD. Ukiona 1 ni ya kuzunguka. Kama ni ya kuzunguka, mashine itachelewa kuwaka hata ikiwa nzima, na kubadilisha diski ndiyo dawa. Kufuta Linux hakutaigeuza diski.

Kingine kinachowatisha watu: tangu Ubuntu 21.10, brauza ya Firefox inakuja imefungashwa kwa mtindo unaoitwa snap. Ukiifungua kwa mara ya kwanza baada ya kuwasha mashine, inachelewa kidogo. Ukiifunga na kuifungua tena inakuja haraka. Hiyo ni kawaida yake, usiipeleke hospitali.

Angalia pia kwenye Settings, sehemu iliyoandikwa Power. Hapo kuna hali za matumizi ya nguvu. Kama imewekwa Power Saver, mashine imeambiwa ibane matumizi, nayo inatii. Iweke Balanced.

Sasa ile laptopu ya Newala. Prosesa haikuwa na kazi kubwa. Meza ilikuwa na nafasi. Diski ilikuwa SSD. Power iko Balanced. Vipimo vyote safi na mgonjwa bado amelala! Hapo tukarudi kwenye maneno ya mama. Mdogo wangu akatuambia tuandike hivi:

grep MHz /proc/cpuinfo

Hiyo inaonyesha mpishi anakwenda kasi gani kwa sasa hivi. Zikatoka namba, zote zinacheza kwenye 400. Akasema, chomoeni chaja. Tukachomoa. Tukaandika tena. Zimevuka 2,000. Chomeka: 400. Chomoa: 2,000 na zaidi.

Binti alikaa chini sakafuni. Baba yake alisogea, akasema, "Hebu rudieni." Tukarudia mara nne.

SEHEMU YA 5: Chaja

Ilikuwa chaja.

Kuna laptopu ambazo chaja yake ya asili ina kitu kidogo ndani kinachoitambulisha kwa mashine: mimi ni fulani, natoa nguvu kiasi hiki. Ukichomeka chaja ambayo mashine haiitambui, au yenye nguvu pungufu, mashine inajilinda. Inajibana kasi ili isivute umeme kupita kile inachodhani kipo, na mara nyingine inakataa kabisa kuchaji betri. Umeme ukikatika, inarudi kwenye betri ambayo inaiamini, nayo inakimbia. Mama alisema kweli tangu mwanzo.

Na ile picha ya swali la 5? Binti alikumbuka kwamba kila akiwasha kunatokea maneno ya Kiingereza kuhusu chaja, yanataka abonyeze kitufe ili aendelee. Alikuwa anabonyeza Enter, maana aliyemwonyesha kuwasha alimwambia abonyeze. Betri nayo asilimia zake zilikuwa hazipandi hata siku moja, zinashuka tu kidogo kidogo kila umeme ukikatika. Tulipofika zilikuwa zimebaki 31.

Jifunze kusoma chaja, ni hesabu ya darasa la nne. Kwenye chaja kuna maandishi madogo. Tafuta neno OUTPUT. Utaona volti, yenye herufi V, na ampea, yenye herufi A. Zidisha. Mfano 19.5V mara 3.34A unapata kama wati 65. Lakini 19.5V mara 2.31A unapata wati 45 tu. Zote mbili zinaweza kuingia kwenye tundu lilelile, na taa ikawaka vilevile. Geuza laptopu, chini yake pameandikwa inataka volti ngapi na ampea ngapi. Volti zifanane. Ampea za chaja ziwe sawa au zaidi, zisipungue. Na kama mashine yako ni ya aina inayotaka kuitambua chaja yake, nunua inayotambulika, hata kama ya pembeni ni nafuu. Dukani usinunue kabla hujachomeka na kuona asilimia zinapanda.

Jioni ile ile mwalimu mmoja wa sekondari, jirani yao, aliwaazima chaja yake ya aina ileile. Namba zikabaki juu hata ikiwa imechomekwa. Fomu ya mkopo binti aliijaza usiku, mama amekaa pembeni na mjukuu amelala miguuni, na walipomaliza dirisha lilikuwa bado wazi. Mjomba akatuma chaja ya asili kwa basi. Linux iko humo mpaka leo.

Sasa fikirieni njia ile nyingine. Wangetoa hela, mashine ingefutwa, vyeti vya binti vilivyoskaniwa vingeondoka, Windows ingewekwa, chaja ileile ingechomekwa. Kesho yake mwendo ni uleule. Fundi angesema laptopu ni mbovu, na hapo kweli ingeuzwa. Mafundi wetu wengi ni watu wazuri na wanajua kazi, mimi mwenyewe nawatumia. Ila muulize fundi swali moja kabla hajagusa: "Umepima nini?" Akikujibu vizuri, mpe kazi. Asipokuwa na jibu, chukua mashine yako kistaarabu uende kwa mwingine.

SEHEMU YA 6: Dalili za hatari, na watoto ndani ya nyumba

Pale kliniki tunawafundisha dalili za hatari kwa mtoto: hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, degedege, amelegea au hazinduki. Ukiona hata moja, husubiri asubuhi.

Laptopu nayo inazo. Ukiona hizi, zima, chomoa, usiichaji tena mpaka fundi aione:

- Betri imevimba. Utaiona sehemu ya chini imejaa, au pedi ya kidole imenyanyuka, au mfuniko haufungi sawasawa. Usiitoboe, usiibonyeze irudi, usimpe mtoto achezee.
- Harufu ya kuungua, au chaja ya moto kiasi huwezi kuishika.
- Waya wa chaja umechunika, unaona shaba ndani. Selotepu siyo matibabu.
- Diski ya kuzunguka inapiga "tik, tik, tik". Kama bado inawaka, hamisha picha na vyeti leo hii.

Na haya ni ya nyumba zetu zenye wadogo:

Usiweke laptopu iliyowashwa juu ya godoro, khanga au blanketi. Matundu ya hewa yako chini na pembeni. Yakizibwa, joto linapanda, na mashine ikipata joto inajipunguza kasi yenyewe. Kwa hiyo wakati mwingine dawa ya laptopu nzito ni kuitoa tu kitandani na kuiweka juu ya meza au ubao. Na kitandani ndipo mtoto mchanga amelala chini ya chandarua. Kitu cha moto chenye waya hakina kazi hapo.

Waya wa chaja usipite sakafuni mtoto anapotambaa. Wa miezi tisa anaweka kila kitu mdomoni, na ncha ya chaja iliyochomekwa ukutani ni kitu cha kwanza atakachokipenda. Ukimaliza, chomoa ukutani kwanza.

Vumbi la huku mnalijua. Kiangazi, na msimu wa kupuliza salfa mashambani, linaingia kila mahali, na feni ya laptopu ikijaa vumbi mashine inapata joto. Ifunike kwa kitambaa safi ikiwa imezimwa. Ikiwashwa, kitambaa kiondoke.

Na vyeti, picha za watoto, fomu za mkopo, viweke mahali pawili. Flashi moja, iliyofungwa vizuri, ikae na kadi za kliniki za watoto. Najua kila mama hapa anajua kadi hizo ziko wapi, hata usiku wa giza.

Mwisho, akina baba mliosoma hadi hapa kimya kimya. Mkeo akikwambia "umeme ukikatika ndiyo inakimbia", kaa naye, mwambie akuonyeshe. Inachukua dakika mbili.

Kama laptopu yako ni nzito, niandikie hapa chini majibu ya yale maswali matano. Usiniandikie "nesi laptopu yangu inasumbua" peke yake, nitakuuliza tu imeanza lini. Nitajibu ninachokijua, na kingine nitampelekea mdogo wangu.

Jumatatu tunarudi jikoni: uji wa mtoto wa miezi sita, na kwa nini ule mwepesi unaopitika kwenye chupa haumshibishi. Andaeni maswali.